Kopo la Marehemu Ignasi

Mambo haya yalimpata Magreti, dada yake bibi yangu mzaa mama, kule Mnero. Nyumbani kwetu yalisimuliwa mchana tu, tena vyombo vikiwa vimekwisha oshwa, maana bibi alisema mtu akiyasikia huku anakula, tonge halipiti.

Siku aliyobatizwa Dionisia ilikuwa siku njema, hilo halina ubishi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, vumbi la njia limelala, na Magreti alirudi kutoka kanisani na khanga mpya na mtoto mgongoni. Kabla ya huyu alikuwa amezika wawili, wote hawajaota hata jino. Dionisia alikuwa ametimiza miezi minne, mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo ya unene, na mama yake bado hakuthubutu kumsifu kwa sauti. Alichoomba kwa Mungu kilikuwa kimoja tu: huyu abaki.

Kipriani, mumewe, hakuwa na woga wa namna hiyo. Alikuwa mtu wa makuu, akipata shilingi moja hutembea kama mwenye kumi. Alitangaza kijiji kizima kwamba ubatizo wa mwanawe hautanywewa pombe ya kibuyu kama matanga ya maskini. Watu watakunywa kizungu, pombe ya kuchanganywa na kutikiswa, barazani kwake, kwenye bilauri.

Kopo la kutikisia lilitoka Nachingwea. Mjomba wake Kipriani, Ignasi, alikuwa boi wa Mzungu mmoja wa mashamba ya karanga, yale mashamba yaliyong'oa misitu kwa matrekta na mwishowe yakavuna hasara. Kila jioni Wazungu walikutana barazani kwa huyo bwana, na kazi ya Ignasi ilikuwa kuwachanganyia vinywaji. Anamimina hiki, anaongeza kile, anakamua ndimu, anavunja yai na kutia ute wake mbichi ili povu liumuke, anafunika, anatikisa. Karanga ziliposhindikana, Mzungu akafunga mizigo, akamwachia Ignasi bilauri zake na lile kopo refu la chuma kinachong'aa. Ignasi alirudi Mnero amevimba kichwa. Tangu hapo hakunywa tena kwenye kibuyu. Alitikisa uraka wake, pombe ya mabibo, peke yake, akaunywa humo humo, midomo juu ya chuma.

Kiangazi kilichotangulia ubatizo koo likamshika. Kila kilichoingia kilirudi, na aliyeshika bakuli alikuwa Magreti. Kilichorudi kilikuwa ute mzito wa manjano, wa uvuguvugu, unaovutika kutoka mdomoni mpaka kwenye bakuli bila kukatika. Kuuona alikuzoea. Harufu yake hakuizoea kamwe: mabibo yaliyochacha, na chini ya mabibo kitu kilichooza. Mzee alikufa akiomba kinywaji, na hakuna tone lililokubali kukaa tumboni.

Sasa, kwa wazee wa Kimakua wa kule, chombo alichonywea marehemu hakirithiwi. Hutobolewa kitako na kuachwa kaburini, ili kiu ikimshika anywee huko huko, asije kutafuta mdomo wa mtu mwingine. Mpwa ndiye mrithi, na mpwa ndiye atoboaye. Kipriani alikwenda kaburini ameshika kitu ndani ya kitambaa, akapiga msumari, akakilaza juu ya udongo, wazee wakaridhika. Magreti peke yake ndiye aliyejua kwamba ndani ya kitambaa kulikuwa na kikombe chao cha bati, kilichobanduka rangi, cha kuchotea maji jikoni. Kopo lilikuwa chini ya kitanda.

Alimwuliza kwa sauti ya chini kama hilo ni sawa. Mumewe alicheka.

"Chuma kama kile kikatobolewe bure? Marehemu hana macho, Magreti."

Naye akaliacha lile swali. Mwanamke aliyeolewa hawafundishi wenye ukoo kuzika mtu wao. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Basi siku ya ubatizo baraza lilijaa. Mwanabibi, jirani yao Mmwera, alileta sinia la wali na kuku. Yeye pombe hakuigusa, dini yake haikumruhusu, lakini kwa utani wake hakukosekana kwenye shughuli ya mtu. Alimwambia Kipriani kwamba Wamakua wakipata kopo hujiona magavana, watu wakacheka. Kipriani alivaa shati jeupe, akakunja mikono. Alimimina uraka, akatia nipa, ile pombe kali inayopikwa kwa kificho, akakamua ndimu, akaongeza asali, akavunja yai. Kisha akatikisa kopo juu ya bega, kulia, kushoto, na wanawake wakapiga vigelegele.

Duru ya kwanza ilikuwa tamu. Hata wazee waliokuwa wakikunja pua walilamba midomo. Kipriani, furaha imemzidi, alichovya kidole kwenye bilauri yake na kumtia Dionisia mdomoni.

"Onja, mama. Onja ya kizungu."

Mtoto alikinyonya kidole. Alikinyonya kwa nguvu, macho wazi, hapepesi. Kipriani alipotaka kukitoa hakikutoka. Alicheka, akavuta tena, mwisho ikabidi Magreti amfungue mtoto taya kwa vidole viwili. Kidole kilitoka kimesinyaa na kuwa cheupe.

Duru ya pili, Saburi, fundi seremala, alitia bilauri mdomoni akasita. Akavuta kitu kwa vidole kutoka kwenye ulimi. Kilivutika kama mlenda, kirefu, hakikatiki. Kipriani akasema ni ute wa yai, washamba hawajui vya kizungu. Saburi aliona haya, akameza. Koo lake lilipanda na kushuka, likapanda tena, na machozi yakamtoka.

Kisha Kipriani akaenda kuchanganya duru ya tatu. Magreti alikuwa karibu naye, mtoto mapajani, na aliona vizuri. Mayai yalikuwa yamekwisha. Uraka ulikuwa bado mtungini. Mumewe hakuwa ametia kitu chochote bado. Alinyanyua kopo ili alisuuze, mkono ukashuka kwa uzito.

Alitazama ndani. Akalitikisa kidogo. Kikasikika kitu kizito kinajigeuza.

Pengine angelimwaga uani mambo yangeishia hapo. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na Kipriani hakupenda kuonekana mjinga. Alimimina kwenye bilauri ya mzee aliyekuwa karibu. Kilitoka polepole. Cha manjano. Kinatoa mvuke.

Harufu ilimfikia Magreti kabla hajaona. Mabibo yaliyochacha, na chini ya mabibo, kile kingine. Mikono yake ilijikunja yenyewe kama imeshika bakuli.

Saburi alitapika wa kwanza. Wengine wakafuata, wanaume kwa wanawake, juu ya mikeka, juu ya nguo za kanisani, na walichotapika wote kilikuwa kitu kimoja, hata wale waliokula wali tu. Mwanabibi, ambaye hakuonja, alisimama ukutani ameziba pua kwa ushungi. Katikati ya uchafu ule Dionisia alikuwa ananyoosha mikono kuelekea kwenye kopo. Alikuwa anadondosha mate.

Watu walikwenda zao bila kuaga. Wagonjwa wote walipona kesho yake. Dionisia ndiye aliyebaki.

Alikataa ziwa. Magreti alipomkaribisha alipinda shingo na kukohoa, kikohozi kizito cha mtu mzima anayesafisha koo, kisha akatema. Maji ya sukari aliyarudisha manjano. Ile mikunjo ya mikono ikalegea, mashavu yakabomoka, na kisogo kikaanza kuonekana kikubwa kuliko mwili. Magreti alikuwa ameona hivyo mara mbili. Alijua kinachofuata. Walimpeleka kwenye zahanati ya kanisa, akapewa dawa, dawa nazo zikarudi. Kipriani alisugua kopo kwa majivu, akalianika juani, akalificha tena chini ya kitanda. Hata hapo bado alilipenda. Bibi alipofika hapa katika kusimulia, kila mara alitema pembeni.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, Magreti alikuwa ameketi jikoni na mtoto hoi mikononi. Ghafla Dionisia akageuza uso na kulidaka ziwa la kushoto. Magreti karibu alie kwa furaha. Mtoto ananyonya! Alinyonya kwa pupa, anaguna, anameza, mkono mdogo umebana nyama.

Kisha akauma.

Magreti alipiga ukelele, akamtenga na mwili. Damu ilichirizika kuzunguka chuchu. Alimfungua mtoto mdomo, akapitisha kidole juu ya ufizi, chini, juu tena. Laini. Hakuna kitu. Akatazama jeraha. Yalikuwa matundu madogo ya meno yaliyochongoka, yamejipanga kwa mviringo wenye upana wa mdomo wa mtu mzima. Wazee wa zamani wa Kimakua walichonga meno hivyo, Ignasi akiwa mmoja wao.

Mwanabibi aliyekuja mbio kwa ule ukelele alitazama ziwa, akakaa chini taratibu. Hakutania. Aliinama sikioni mwa Magreti.

"Mama Dionisia, chombo cha marehemu mlikipeleka?"

Magreti alitikisa kichwa. Akamweleza yote, na mumewe amesimama mlangoni anasikia.

Walikwenda kaburini mchana ule ule, watatu, na mtoto mgongoni mwa Magreti. Kabla ya kufika walikikuta kikombe cha bati njiani, mbali na kaburi. Kilikuwa bapa. Kitu kilikikanyaga mpaka kikawa kama kifuniko. Kipriani alikiruka, kopo mkononi, msumari mfukoni. Kiburi chote kilikuwa kimemtoka, na Magreti alikiri baadaye kwamba hakumwonea huruma.

Aliligeuza kopo juu ya jiwe, akaweka msumari kwenye kitako.

"Mjomba, nilikudanganya. Chombo chako hiki. Mwachilie mtoto."

Akapiga. Chuma kilitoboka, na kopo lile lililosuguliwa kwa majivu na kuanikwa juani likaanza kuvuja. Ute ulitoka kwenye tundu, ukateremka juu ya vidole vya Kipriani, ukaingia udongoni. Udongo uliumeza mara moja. Ukaendelea kutoka. Magreti alihisi kitu cha moto kinamwagika shingoni mwake, kinateremka mgongoni ndani ya nguo, na harufu ikamziba pumzi. Dionisia alikuwa anatapika. Alitapika vingi, kuliko vinavyoweza kukaa ndani ya mtoto. Kopo lilipokauka, naye akakoma. Akalia kilio chembamba cha kitoto, kile ambacho mama yake alikuwa hajakisikia tangu ubatizo. Kopo wakaliacha pale pale kaburini.

Alipona. Alinyonya ziwa la kulia, akanenepa, akaota meno yake mwenyewe madogo mazuri. Kipriani hakugusa tena pombe, na akiona mtu anavunja yai alitoka nje. La kushoto Dionisia hakulitaka, na Magreti alidhani ni kwa sababu ya kovu.

Mwaka wa pili akamzaa Eusebio. Huyu hakuwahi kuonja kitu cha marehemu. Siku ya kwanza alipowekwa ziwa la kushoto aligeuza uso na kutapika. Magreti akalikamua mkononi ili aone. Maziwa yalikuwa meupe kama ya wanawake wote. Akayasogeza puani. Mabibo.

Basi ikawa kazi yake: kila jioni, jua likizama, huenda nyuma ya nyumba na kuyakamulia chini, mahali pamoja penye udongo mwekundu. Hakumwambia mtu. Kulikuwa na siku aliyoumwa kichwa, akalala bila kukamua. Eusebio alikesha anakohoa, kile kikohozi cha kusafisha koo. Kulipopambazuka Magreti alimwacha kwa baba yake, akaenda nyuma ya nyumba.

Hawakuwa na mbwa. Hawakuwa na mbuzi. Udongo pale ulikuwa umelambwa. Ulilambwa mpaka ukawa laini na kung'aa, umechimbika kidogo katikati, na mistari ya ulimi ilionekana, ulimi mpana, imetoka pale ikielekea kwenye ukuta wa chumba anacholala mtoto. Ilikuwa bado mibichi.

Magreti alitapika kwanza. Kisha akapiga magoti mahali pale pale, akafungua kifungo, akakamua, na kule ndani Eusebio akaacha kukohoa.