Blauzi Iliyofungwa Kushoto

Kilichomshtua fundi cherehani Lau Sau-fong kwanza hakikuwa uso. Kilikuwa vifungo.

Mchapaji alikuwa ameuweka wavu wake wa kuchapia vitambaa kinyumenyume. Yule msichana wa bango la zamani, mfumaji aliyeinua ngumi mbele ya mtambo, alikuwa amechapwa mara tisa kwenye hariri, mwingine wa waridi, mwingine kijani, mwingine njano kama kiini cha yai. Na blauzi yake ya kishamba, iliyopaswa kufungwa chini ya kwapa la kulia, ilifungwa kushoto. Walio hai hufunga kulia. Kushoto hufungwa maiti.

Bwana Yip, mbunifu mwenye karakana ile ya ghorofa ya sita mtaani Sham Shui Po, alicheka alipoambiwa. Alisema kosa hilo limempa alichokuwa akikitafuta: siasa ya jana imegeuzwa ndani nje, ikawa pambo. Bango alilinunua kwa wauza vikorokoro. Msichana yule alikuwa nani, hakujua, wala hakuona haja ya kujua.

Sau-fong alijua. Alikuwa Mei-kuen, dada yake.

Mei-kuen alichorwa akiwa na miaka kumi na tisa, fahari ya kijiji kizima upande wa pili wa mpaka. Mwaka huohuo Sau-fong, mtoto wa miaka kumi na miwili, aliokota gazeti la juzi akatie kipimo cha mkono wa shati, kama kila fundi maskini alivyofanya, na hakuligeuza kutazama upande wa pili. Upande wa pili ilikuwapo picha ya Mwenyekiti, mtawala wa nchi, ambayo kuiharibu kulikuwa uhaini. Mkasi ulipita katikati ya uso, na pini mbili zikasimama machoni. Jirani aliyeona aliuliza ni kazi ya mkono wa nani. Sau-fong alinyamaza. Mei-kuen akasema, ni wangu. Walimzungusha siku tatu na ubao shingoni. Siku ya nne alikutwa bwawani, akafukiwa ndani ya mkeka, bila nguo za maziko.

Hayo Sau-fong hakumsimulia mtu, hata Ka-yan, binti yake wa pekee, aliyefanya kazi ya kuvalishwa nguo za majaribio palepale karakanani. Ka-yan naye alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Mwambie bosi inakubana," Sau-fong alimnong'oneza, nguo iliyoshonwa kwa hariri ile ilipoletwa kujaribiwa.

"Nimdanganye kwa ajili ya vifungo? Mama, ni kitambaa tu. Ukiogopa kila uso utaishia kushona mapazia."

Akaivaa, saa sita mchana, mafundi wakiwa kwenye chakula.

Alitoka nyuma ya pazia akitabasamu, na hakukuwa na kitu, ila harufu ya tope la bwawa, ambayo mafundi waliilaumu mifereji. Jumatatu Sau-fong alisikia mtambo wa kufumia ukigonga, tak, tak, katika chumba kisicho na mtambo. Jumatano Ka-yan alishika vijiti vya kulia chakula kwa mkono wa kushoto. Na Ijumaa, wakati mama alipokuwa akimrekebishia kola na uso wa mwanawe ukiwa karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake, pumzi iliyokuwa baridi kama ya kisima, aliliona doa jeusi la kuzaliwa, lile alilolibusu tangu siku ya kwanza chini ya jicho la kushoto, limekaa chini ya jicho la kulia, tulivu, kana kwamba halikuwahi kukaa kwingine.

Akaivua ile nguo, akaichana, akaichoma. Doa halikurudi.

Akamwita Mzee Tong, mwenye kazi ya kuwasindikiza wafu mtaani. Alikuja Jumapili asubuhi na udi, mchele na suti ya karatasi ambayo huchomwa ili marehemu aivae. Alimtazama Ka-yan kitambo, kisha akamwambia Sau-fong kwa sauti ya chini kwamba mzimu huu una neno unalolingoja, na neno hilo alitamke yeye, Sau-fong, kwa kinywa chake.

Sau-fong akapiga magoti. Ilimchukua muda mrefu, maana miaka thelathini ya kunyamaza haifunguki kama mlango.

"Niliyekata gazeti ni mimi," alisema. "Mkono ulikuwa wangu."

Ka-yan akamgeukia. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijijini, lahaja ambayo binti huyo hakuwahi kufundishwa.

"Najua, mdogo wangu. Nilikuona ukikata."

"Nisamehe. Mwachie mwanangu."

"Nilikusamehe siku ileile. Sikuja kwa hasira. Nilivishwa, nikaona pako wazi, nikaingia. Kule ni baridi sana."

Mzee Tong akauzima udi kwa vidole. Akaanza kukusanya vitu vyake, polepole, bila kumtazama mtu. Alisema amewahi kufukuza chuki na amewahi kufukuza kisasi, kwa kuwa hivyo vina mwisho. Lakini huyu hadai kitu, na asiyedai kitu hana cha kupewa ili aondoke. Hakupokea hata nauli.

Mei-kuen hakuwa mgeni mbaya. Alifagia, alipika uji mzito wa kijijini, alimfunika Sau-fong shuka alipopitiwa na usingizi kitini. Usingeweza kumchukia. Lakini kila asubuhi Sau-fong alisimama mlangoni mwa chumba akaita, "Ka-yan? Ka-yan, mwanangu?" akitega sikio, kama mtu anayeita ndani ya pango.

Asubuhi ya arobaini yule msichana aliinuka kitandani, akaja, akamziba mama mdomo kwa kiganja kilicholowa.

"Acha kumwita," alisema kwa huruma. "Anakusikia. Na kule nilikotoka, aliko yeye sasa, anayeitika hupigwa."

Tangu siku hiyo Sau-fong hajalitamka jina la mwanawe.