Mkono wa Masatu

Jua lilikuwa linazama nilipoingia kwa fundi Hamduni, mjini Musoma, na bastola ya jineri, kiwanda cha kuchambua pamba nilichokuwa nalinda, ndani ya kikapu, chini ya mafungu mawili ya mchicha. Nilikuwa na barua ya meneja. Lakini barua haizuii watu kukutazama.

Hamduni alitengeneza cherehani, baiskeli na bunduki za wawindaji. Aliifungua kanga niliyoizungushia, akaigeuza bastola kwenye mwanga wa karabai. Ilikuwa bastola ndefu ya kulengea shabaha, ya risasi ndogo, iliyoachwa na meneja mmoja wa zamani. Miaka ile ya shida tulilinda pamba kwa chochote kilichopatikana.

Nikamweleza kwamba inakwepa. Nalenga katikati, inapiga pembeni.

Huo ulikuwa mwaka 1992. Jineri yetu ilikuwa inatafutiwa mnunuzi. Walinzi tulikuwa tisa na wangebaki watatu. Mtihani ulikuwa mmoja kwa wote, na bastola moja: risasi tano, hatua ishirini na tano, nne ziingie ndani ya duara jeusi. Mume wangu alikwenda Geita kutafuta dhahabu, hajarudi. Nilikuwa na watoto wanne na cheti cha fomu foo ambacho hakijawahi kupika uji. Kazi ile ikiondoka, tumeondoka wote.

Hamduni hakuharakisha. Alikaza skrubu za mpini. Alichungulia mtutu, akaona ni msafi. Alipima alama ya kulengea kwa uzi, akaona imenyooka. Akaniambia niishike bila risasi, akatazama kidole changu kikivuta. Akasema naibana mno, niishike kama kifaranga, nisishindane nayo.

Mwisho aliibana kwenye jiliwa la mezani isitikisike, akaielekeza kwenye gogo nyuma ya banda, akapiga risasi tano.

Zote zilipita tundu moja.

Alitia kidole kwenye tundu lile. Kisha akauliza, "Kwako inakwepa upande gani?"

"Jumatatu kushoto. Jumanne kulia. Jana kushoto tena, mbali zaidi."

Akaizungushia kanga haraka, kama mtu anayefunika chakula kwa sababu ya nzi.

"Mama Esta, kosa la bastola halihami. Likiwa kushoto, ni kushoto mpaka kiama. Hili lako lina miguu." Akanisogezea kikapu. "Kila ukipiga, andika nani alikuwa amesimama wapi."

Hakutaka kupokea chochote. Kwa fundi wa Musoma, mwaka ule, hilo ndilo lililonitisha kwanza.

*

Nilishamshuku mtu tayari. Bernado, mkuu wetu wa walinzi. Alikuwa mtu mpole wa kaki iliyopigwa pasi, anavaa saa mkono wa kulia. Alikuwa na mpwa wake kati yetu tisa, na kila nilipopiga shabaha alikuja kutazama. Nikasema huyu ananifanyia dawa.

Kwa hiyo niliandika. Nilichukua daftari la hesabu la Esta, binti yangu mkubwa, nikachora uwanja wetu: ninaposimama, shabaha, na tuta la udongo nyuma yake. Kila siku niliweka alama za risasi na alama za watu.

Wengine walihamahama bila maana. Bernado hapana.

Akisimama kushoto, risasi zilikwenda kushoto. Akihamia kulia, zilikwenda kulia. Siku aliyokwenda Bunda kufuata mishahara, zote tano zilitoka nje kabisa ya karatasi, upande wa barabara ya Bunda.

Nilichora mistari kwa rula. Yote ilimwendea yeye.

Hakuwa ananiroga. Mtu hajirogi namna hiyo.

Na kulikuwa na jambo ambalo sikuliandika. Kila nilipovuta pumzi ili nipige, nilisikia harufu ya ugoro. Halafu uzito juu ya vidole vyangu... wa vuguvugu... kama mtu anayemshika mtoto mkono amfundishe kuandika.

Mimi situmii ugoro. Masatu ndiye aliyetumia.

Masatu alikuwa mlinzi mwenzangu. Bastola ile ndiyo aliyokuwa analindia. Wiki tatu nyuma marobota sita ya pamba yalipotea, na Masatu akasema Jumatatu ataongea na meneja. Jumamosi alfajiri alikutwa ghala la mbegu, amekufa, bastola mkononi. Bernado ndiye aliyemkuta. Alisema marehemu alikuwa anaisafisha ikajifyatua.

Masatu ndiye aliyenifundisha kwamba kabla ya kitambaa unatoa risasi.

Alizikwa Jumapili. Jumatatu nikakabidhiwa bastola, nikaweka sahihi. Hapo ndipo nilipokosea, na mtu wa kwetu hakupaswa kukosea hapo. Huku ziwani, chombo alichofia mtu, kiwe kasia au jembe, hakishikwi hivi hivi. Mjane wake anakishika kwanza, anamtaja marehemu, ndipo anakupa. Tunaita kutoa mkono. Lakini jineri ina daftari la makabidhiano, na mimi nilikuwa nawahi zamu.

*

Jumapili nilikwenda kijijini Murangi kwa mjane wa Masatu, Dafroza. Nilimkuta anachambua dagaa juu ya turubai. Nilimpa pole, nikakaa, nikamsaidia kutoa mawe. Baadaye nikamwomba aje mjini autoe mkono wa mumewe, mtihani ni Jumanne.

Hakuinua macho.

"Inaelekeaga wapi?"

Sikuwa nimemwambia kwamba inaelekea popote.

Nilifikiria kudanganya. Kisha nikamtaja Bernado. Aliendelea kuchambua, dagaa huku, mawe huku, mpaka nikadhani hakusikia.

"Basi siutoi," akasema. "Acha amalize."

"Shemeji, mimi nina watoto."

"Na mimi wa kwangu ni akina nani, mbuzi?" Akacheka kidogo, bila furaha. Akanifungia dagaa kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka barabarani. Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Usiniulize kama nilisali. Nilikaa kwenye gari la mizigo nikapiga hesabu. Mkono hautoki. Bastola itamfuata Bernado popote. Basi Bernado akae penye faida.

Jumanne asubuhi nilimwambia meneja kwamba wanawake wanapita na ndoo kwenye njia nyuma ya tuta, ni hatari, awekwe mtu mzima awazuie. Tuta lile lina unene wa hatua tatu, udongo ulioshindiliwa. Risasi ndogo haipiti. Nililijua hilo, nataka ieleweke. Meneja alimtuma Bernado. Mimi nilimwonyesha pa kusimama, kwenye jiwe jeupe, nyuma kabisa ya shabaha.

Mstari mmoja: mimi, shabaha, yeye.

Nikainua bastola. Ugoro ukaja.

Mkono ukaja.

Safari hii haukuvuta pembeni. Ulitulia. Risasi tano zikapita tundu moja, katikati ya duara jeusi, na wenzangu wakapiga kelele. Mimi nilikuwa naangalia tuta.

Bernado akatokea, anatembea polepole. Hakuwa na jeraha. Ila kifuani, kwenye kaki yake iliyopigwa pasi, palikuwa na alama tano za udongo, ndogo, zimesongamana mahali ambapo kiganja kimoja kingezifunika. Baadaye nilikwenda nyuma ya tuta kwa kisingizio cha kunyoosha miguu. Upande ule haukuwa na tundu hata moja.

Alijipangusa. Akaja karibu yangu kama mtu anayetoa pongezi.

"Ulikuwaga Murangi Jumapili," akanong'ona.

Hakuwa ameuliza.

Jioni ile aliaga kwamba anakwenda Bunda, ana mgonjwa. Hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata. Mimi nikabaki kazini, mmoja wa watatu. Ungeniuliza ningesema mambo yameisha.

*

Kila Alhamisi tuliruhusiwa risasi tatu za mazoezi. Alhamisi mbili mfululizo bastola ilivuta kushoto, barabara ya Bunda, nami nikawa nalenga kulia kuifidia. Unazoea. Mwanamke anazoea vingi.

Alhamisi ya tatu nililenga kulia kama kawaida, na risasi mbili zikaenda kulia kweli. Nikalenga katikati. Ikapiga katikati.

Imenyooka.

Wenzangu wakasema hatimaye imepona. Mimi nilirudi kwenye kibanda nikafungua daftari la Esta. Ama Masatu amemaliza, na Bernado hayupo duniani. Ama yupo kwenye mstari. Nikaweka rula: mimi, shabaha, tuta. Nikaendelea na rula mpaka nje ya uwanja, kwenye nyumba za mtaa wa Kitaji, safu ya tatu kutoka barabarani.

Ninakaa safu ya tatu.

Sikuirudisha bastola kabatini. Niliitia risasi za zamu, nikaiweka kwenye kikapu, nikatembea kwenda nyumbani, kisha nikakimbia. Watoto wote wanne walikuwepo, wanakula. Esta akaniambia kuna baba alikuja mchana kuomba maji. Aliuliza mama yuko zamu gani. Akasema atapita jioni.

Nikamuuliza alikuwaje.

"Mpole," akasema. "Saa ameivaa mkono wa kulia."

Niliwaingiza watoto chini ya kitanda, nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa kwenye kigoda katikati ya chumba. Nje giza lilikuwa bado halijakolea. Nikaishika bastola kama alivyonifundisha Hamduni, kama kifaranga.

Ugoro.

Mtutu ulikuwa umeelekea ukuta wa nyuma. Ukaanza kusogea. Polepole... ukapita kona... ukapita dirisha, hatua kwa hatua, kwa mwendo wa mtu anayezunguka nyumba.

Ukafika mlangoni. Ukasimama.

"Hodi," ikasema sauti, kwa adabu.

Nilikumbuka kwamba mlango wetu ni wa mbao za kreti tu.

Nikalegeza vidole, Masatu avute mwenyewe.