Bega la Fundi Saa

Foleni ya kliniki ya viungo ilikuwa imefika hadi mlangoni siku fundi saa alipogongana na dada wa chumba cha tiba ya joto. Dada alibeba taulo hadi kidevuni, kilemba cha zambarau kichwani. Taulo zote chini.

"Pole, dada. Macho yangu yamezoea vitu vidogo."

"Kwa hiyo mimi ni kitu kidogo?"

"Wewe? Hata kipofu angekuona."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

Wiki hiyohiyo fundi akawa mgonjwa wake. Shingo ilimuuma, na ganzi ilishuka kutoka begani hadi vidole vya kushoto, vile vya kushikia skrubu. Kabla ya kuwasha mashine ya joto, dada alimfumbisha macho, akamgusa begani kwa chupa mbili, ya maji moto na ya baridi.

"Hii je? Moto au baridi?"

Fundi hakusikia chochote. Akachungulia kwa jicho moja, akaona mvuke. "Moto."

"Vizuri. Ungekosea, leo hii ningekupeleka kwa daktari wa upasuaji. Bega lisilotofautisha moto na baridi haliwekwi joto."

Kisu alikiogopa. Kutomwona tena dada huyu kulimtisha zaidi. Basi kila Jumanne na Ijumaa akachungulia, na jioni wakapigiana simu.

"Bega linasemaje?"

"Linakuulizia."

"Muongo wee!"

"Uongo wa mapenzi si dhambi, mpenzi."

"Nani kakudanganya?"

Wiki ya sita, fundi alikuwa amelala chini ya pedi za mashine, anamsimulia vituko vya shangazi yake, mwenyewe anakufa kwa kucheka. Dada akainua pedi. Bega lilikuwa limevimba malengelenge.

"Husikii?"

Fundi akaacha kucheka, akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Dada aliondolewa kwenye mashine, akawekwa dirisha la usajili. Fundi alipiga simu siku nne bila kupokelewa. Ya tano ikapokelewa.

"Nitakwenda kwa mkuu wako, nikiri kosa ni langu. Kazi yako irudi."

"Unadhani nalilia kazi?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wiki sita, mwenzangu! Mshipa wa fahamu ulikuwa unabanwa, unakufa, na mimi nakupasha joto na kucheka nawe. Nikikumbuka, chakula hakipiti."

Fundi akapasuliwa. Maumivu ya shingo yakaisha, vidole havikuamka.

Siku anakifunga kabisa kibanda chake cha saa, dada alitokea amevaa gauni la kijani, macho mekundu.

"Nimekusamehe," alisema. "Nimetaka usikie kutoka kinywani mwangu."

"Basi nikuoe. Sina ufundi tena, ila nitatafuta kazi yoyote."

Dada akaegemea mlango, machozi yakimtiririka. "Nakupenda, na hilo halijapungua. Lakini kila utakaponiambia u mzima, nitakaa nikijiuliza ni kweli au unanifurahisha. Sitaweza maisha hayo."

Fundi alitaka kusema ataweza kungoja, kwamba atabadilika, kwamba haumii. Akayameza.

"Inauma," alisema. "Inauma sana."

"Najua. Hata mimi."

Meza ya kazi ilikuwa nzito kwa mkono mmoja. Dada akashika upande wa pili, wakaitoa nje pamoja, wakaipandisha kwenye mkokoteni wa mnunuzi. Dada akajifuta mikono, akavuka barabara. Fundi hakumwita.