Jina la Elwood Pembeni mwa Betri

Taa ya kusomea juu ya kiti cha dirishani ilikuwa inawaka, na betri haimo. Fundi wa ndege Verna Skogstad aliitazama weee, kisha akaitazama betri yenyewe, imelala kwenye kitoroli mbele yake. Ndege haikuunganishwa na umeme wowote. Sasa hiyo taa inakula nini?

Akamwita bosi wake, Dale Prudhomme. Dale alipopanda ngazi, taa ikazimika. Ndivyo ilivyokuwa kila mara, hadi Verna alitamani kuing'oa kwa meno.

"Verna, ndege ni ya aina mpya," Dale alisema. "Kitu kipya hakikosi hitilafu."

Huko kiwandani wanakounda ndege, kwenye mvua isiyokatika ya jimbo la Washington, jini haitwi jini. Anaitwa hitilafu, anapewa namba, na maneno yanaishia hapo. Lakini hebu niambie, hitilafu gani inanuka peremende? Chumba cha umeme chini ya sakafu ya ndege, zinakokaa betri, kilinuka plastiki iliyoungua, na nyuma ya harufu hiyo zilinuka peremende nyeusi za chumvi, zile alizokuwa akimumunya marehemu Elwood Tveit kutwa nzima. Betri zilipata moto zikiwa zimechomolewa. Wakibadilisha moja, na ya pili inachemka.

Verna alijua sababu, na alichukia kuijua. Mafundi wa pale wana desturi ya kusaini ukuta wa ndani kabla haujafunikwa, mahali ambapo abiria hatapaona maishani. Ila hakuna anayesaini kazi asiyoiridhia. Elwood, mkaguzi wao, alikuwa mgumu wa kusaini kuliko wote, na alifariki kabla nyaya za ndege hii hazijafungwa. Wenzake, kwa kumpenda, wakamwandikia jina ukutani, pembeni mwa betri. Aliyeshika kalamu ni Verna.

"Tumemsingizia maiti," alimnong'oneza mdogo wake Kermit wakinywa kahawa. "Tumemfanya shahidi wa kazi asiyoiona."

Kermit alikuwa fundi wa safari za majaribio, na ya kwanza ilikuwa kesho yake asubuhi. "Si ulifute hilo jina, dada, yaishe?"

"Nimelifuta, na betri bado zinachemka. Usipande."

"Nimwambie nini Dale? Dada yangu kaona mzuka?"

Verna akamwaga kahawa yake, akarudi kazini.

Asubuhi Verna akashuka kwenye chumba cha umeme na kurunzi, na harufu ikampokea mlangoni, na kila alivyosogea joto lilizidi kama la jikoni, na nyuma ya ukuta kitu kilikuwa kinagonga polepole, kwa subira, vile Elwood alivyokuwa akigonga bisibisi yake mezani akiona kazi mbovu, mpaka mwanga ukafika pembeni mwa betri na Verna akasoma, kwa mwandiko wa Elwood wa kulalia kushoto, wino bado mbichi: Kermit Skogstad.

Akamfuata Dale, akamvuta kwa mkono mpaka mle ndani.

"Mzaha wa kitoto," Dale alisema.

"Kermit hapandi."

"Sawa, asipande. Safari haiahirishwi, nimeshachoka na hii ndege. Nitapanda mimi mwenyewe."

Kugonga kukanyamaza. Mbele ya macho yao wino ukatembea. Herufi zikajivuta taratibu, zikajipanga upya, na Dale Prudhomme akasoma jina lake mwenyewe. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ndogo.

"Chomoa betri."

"Sijakusikia, bosi."

"Nimesema chomoa. Na mfungue ukuta wote."

Walipoufungua wakakuta nyaya zimesuguana hadi zimebaki uchi, zimeungua, nyeusi, mahali ambapo jicho la mtu lisingefika bila kuubomoa. Walipozibadilisha, lile jina likafifia lenyewe na harufu ya peremende ikaondoka. Verna alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko furaha. Miezi yote ile amepiga kelele, na aliyesikilizwa ni maiti.

Jioni yeye na Kermit wakatoka kwa kupitia mbele ya ndege ya pili, pacha wa ile ya kwanza. Hiyo kuta zake zilishafunikwa kitambo, imeshapakwa rangi za wenyewe walioinunua, na kesho wanakuja kuichukua.

"Dada," Kermit alisema polepole, "hii nayo aliisaini nani?"

"Hakuna. Walikuwa na haraka."

Kermit akasimama. Alikuwa anatazama juu. Kwenye dirisha la mbele taa ya kusomea ilikuwa imewaka, kisha ikawaka ya dirisha la pili, na ya tatu, zikifuatana hadi mkiani, kiti kwa kiti.