Safari ya Marceline

Kila asubuhi, kabla kengele ya kanisa haijalia, Fidélie alikuwa ameshateka ndoo mbili za maji na kufagia ua wa nyumba ya Mama Kabedi. Nyumba hiyo ilikuwa Kikula, mjini Likasi, nyuma ya parokia. Wasichana wanne waliishi humo. Wote walikuwa wamechukuliwa makwao kwa ahadi tamu, wakafanyishwa kazi bila malipo na watu wasiowajua, hadi walipookolewa. Kila Jumapili baada ya misa, akina mama wa parokia waliwaletea unga na sombe, majani ya muhogo, ingawa miaka ile ya tisini wengi wao wenyewe walikula mara moja tu kwa siku. Mama Kabedi, mjane aliyewalea, aliwapeleka shule asubuhi. Alasiri aliwafundisha kushona.

Fidélie alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, lakini alisoma darasa moja na watoto wa miaka kumi na mmoja. Walipomuuliza kwa nini amechelewa hivyo, alijibu, "Nilikuwa Kambove, nikimuuguza shangazi yangu."

Hakuwa na shangazi Kambove. Mama yake alipofariki, mwanamke mmoja aliyevaa vizuri alifika kwa bibi yake kando ya ziwa Tshangalele, akaahidi kumsomesha. Shule yenyewe Fidélie hakuiona. Kwa miezi kumi na mmoja aliosha sahani katika mkahawa wa mji wa mpakani, akalala sakafuni jikoni, mlango ukiwa na kufuli. Muuza mboga mmoja alimwona akilia nyuma ya ua, akaenda kumwambia padri wa pale. Padri alikuja na wazee wa kanisa, wakamtoa na kumfikisha kwa Mama Kabedi. Sasa bibi yake alikuja kumtazama kila mwezi, na Fidélie alikuwa ameanza kucheka tena. Ila hakutaka mtu yeyote shuleni ajue.

Ijumaa moja, wakati wa mapumziko, Marceline aliyekaa naye dawati moja alimvuta kando ya ukuta. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Kesho ninaondoka!" alinong'ona. "Kuna mama mumoja alikuja nyumbani, tunamuita tantine, kama shangazi. Atanipeleka kusoma mbali, kwenye shule ya muzuri. Minye nitamusaidia tu kidogo kazi za nyumba. Amemupa mama kitenge, na baba gunia la unga."

"Anaitwa nani?" Fidélie aliuliza polepole.

"Tantine tu. Alisema tusiambie watu, wasituonee wivu."

Maneno hayohayo Fidélie aliwahi kuyasikia kando ya ziwa. Alitaka kumwonya, lakini akisema, Marceline atamuuliza amejuaje. Kengele ikalia, wakaingia darasani, na siku hiyo hakuandika hata mstari mmoja.

Alasiri alikaa kwenye cherehani, akashona mkono wa shati upande usio wake. Mama Kabedi aliutazama, akavuta kiti.

"Mutoto yangu, mikono iko hapa lakini roho iko wapi?"

Fidélie akaanza kulia, akamweleza yote. Mama Kabedi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Habari ya maisha yako ni yako," alisema. "Hakuna muntu atakulazimisha kuitoa. Minye nitaenda kumuambia baba ya Marceline, na jina lako sitalitaja."

"Nitakusindikiza, mama," Fidélie alijibu. "Nitakaa kimya tu."

Wakatembea hadi Shituru, mtaa wa akina Marceline. Baba yake Marceline, Joachim, alikuwa ameketi mlangoni akitengeneza baiskeli. Kama wanaume wengi wa mji ule, hakuwa ameona mshahara kwa miezi mingi. Aliwapokea kwa heshima, akawapa viti, lakini aliposikia walichokuja kusema, uso wake ulikunjamana.

"Mama Kabedi, minye ninakuheshimu. Lakini ule mama ni muntu ya Mungu, alisali hapa na sisi. Niko na watoto sita. Huyu mumoja akipata shule, weye unataka nimukataze?"

"Umeiona hiyo shule, Baba Joachim?"

"Nitaionea wapi?" Akarudi kwenye baiskeli yake. "Musituletee woga bure."

Mama Kabedi akasimama kuondoka. Ndani ya nyumba Marceline alikuwa akikunja nguo zake, akiimba. Fidélie alimsikia, akajikuta amesimama mbele ya Baba Joachim.

"Baba, na minye niliambiwa hivyo," alisema. "Yule aliyenichukua alisali na bibi yangu. Alituletea unga. Alisema tusiambie watu. Shule sikuiona hata siku moja. Nilifungiwa jikoni miezi kumi na mmoja."

Wimbo ndani ulinyamaza. Marceline alitokea mlangoni, nguo mkononi.

"Akija kesho, mumuulize shule inaitwaje," Fidélie aliendelea. "Mumuulize nyumba yake iko njia gani. Halafu mumuambie kwamba mama ya Marceline ataenda naye, aione. Kama ni muntu wa kweli, hatakasirika."

Baba Joachim aliweka spana chini. "Nitauliza," alisema mwishowe.

Jumamosi asubuhi mwanamke alifika, amevaa vizuri, akitabasamu. Baba Joachim akauliza. Jina la shule alilitaja mara mbili, na kila mara lilikuwa jina tofauti. Nyumba yake alisema "iko karibu na soko." Aliposikia mama yake Marceline atasafiri pia, tabasamu likamtoka. Alisema gari limejaa, ngoja akaulize nafasi, atarudi saa sita. Hakurudi saa sita, wala siku nyingine yoyote.

Baba Joachim alikwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kutoa habari za mwanamke yule. Kesho yake padri wa parokia, aliyeelezwa na Mama Kabedi, aliyarudia maswali yale mbele ya waumini wote, bila kusema yametoka kwa nani. Familia mbili zilikuja baada ya misa kusema kwamba mwanamke huyohuyo alikuwa ameahidi kuwachukua binti zao pia.

Nje ya kanisa Marceline alimshika Fidélie mkono. "Kumbe Kambove haikuwa kweli?"

"Nilisema bongo, nilikudanganya," Fidélie alijibu, akiinamisha kichwa. "Niliona haya."

"Minye ningekuwa wapi leo?" Marceline alisema, wala hakuuachia mkono ule.

Baba Joachim alikuwa nyuma yao, amevua kofia. "Inua kichwa, mutoto," alisema. "Muntu akiibiwa, haya ni ya mwizi. Na minye nimejifunza kitu: zawadi inayokuja na sharti la kunyamaza, tuiulize maswali kwanza. Ukweli wako umeniachia binti yangu."

Mama Kabedi alimfuta Fidélie machozi kwa ncha ya kitenge chake, kisha wote pamoja wakaelekea nyumbani kwake kupika bukari, ugali wa mchana.