Vifuko vya Umuravumba

Gitega ilikuwa imefurika watu Jumamosi ile ya mwaka 1992, Gahongayire alipoingia kibarazani kwa Gasana, fundi cherehani, amekumbatia kichaka kizima cha umuravumba, mmea wa dawa. Mizizi ilidondosha udongo kwenye gauni lake la manjano, wala hakujali.

“Nishonee vifuko vitatu,” alisema. “Cha majani, cha shina, cha mizizi.”

“Dada, unahamia msituni?”

“Napima dawa zilizomo ndani ya mmea, maabara. Wewe shona, maneno baadaye!”

Gasana alicheka, akakohoa, akakohoa tena. Siku ya kuchukua vifuko, Gahongayire akamletea chai ya majani yale. Kifua kikapona. Moyo, jamani, ndio uliougua. Ikawa kutwa Gahongayire anampigia simu dukani kwa jirani.

“Mpenzi, umekula?”

“Nimekula, ila sijashiba sauti yako.”

Ndipo shangazi yake Gasana, Nyirahabimana, akatia kitumbua mchanga. “Anachimba mizizi, anaifunga vifukoni, kakunywesha majani, nawe hulali! Mwanangu, hiyo ni inzaratsi, dawa ya mapenzi. Na hirizi umezishona mwenyewe!”

Gasana, mzima na ndevu zake, akaamini. Akiitwa kwenye simu, anajificha nyuma ya vitambaa.

Gahongayire alipopata habari alimfuata, akamshika mkono mbele ya wateja. “Twende ukaione hiyo hirizi.”

Kule maabara, Gahongayire alizima taa, akawasha nyingine ndogo ya zambarau juu ya kibao cheupe alichokuwa amekidondoshea maji ya kila sehemu ya mmea na kukichovya ncha kwenye kimiminika cha kuyapandisha. Gasana akashika kifua. Matone yalikuwa yamepanda yakajitenga: ya majani yaliwaka mekundu kama makaa, ya mizizi buluu, ya shina hafifu.

“Subhanallah! Haya yote ya mmea mmoja? Huu wa uani kwetu?”

“Mmoja. Kila sehemu imepewa vyake. Hata mimi, kila nikiwasha taa hii, mwili hunisisimka.”

Gasana alitazama mpaka macho yakamlenga machozi. “Na lililonishika mimi ni lipi?”

“Halimo.” Gahongayire alimgeukia. “Ukiamini nimekuroga, nenda zako, sitaki mume wa kunaswa. La sivyo, mapenzi yanayokunyima usingizi ni yako mwenyewe. Yaseme, Gasana.”

“Ni yangu,” alisema taratibu. “Wallahi, ni yangu. Niwatume wazee kwenu lini?”

“Kesho!” alijibu upesi mno, kisha akaona haya, akaiacha taa kubwa imezimwa vivyo hivyo, uso wake usionekane.