Akaandika Jina la Ng'ombe Wao Kwenye Kompyuta Yangu

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika sahani ya ibada yenye kafuri inayowaka, lakini kompyuta yangu ilikuwa inaandika yenyewe...

Herufi moja baada ya nyingine. Kwa jina langu. Inafuta taarifa za wagonjwa wa hospitali, mteja wetu mkubwa kuliko wote.

Ofisi nzima inaangalia.

"Chaitra," bosi wetu Somashekar akaniita taratibu, "hiyo ni nini?"



Ngojeni niwaeleze kwanza, msije mkanipotea njiani.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Bengaluru. Kazi yetu tunaifanyia kwenye lile dirisha jeusi, unaandika amri, mashine inatii. Mwaka huu nikaunda programu ya akili mnemba, tukaipa jina Tamma, yaani mdogo wetu. Nikaipa macho ya kuona madirisha ya wafanyakazi wote, na mikono ya kuandika humo. Unaituma kazi, wewe unakwenda zako kunywa kahawa.

Siku yenyewe ilikuwa Ayudha Puja, sikukuu ya Wahindu. Siku hiyo vifaa vya kazi vinafanyiwa ibada, havifanyishwi kazi. Basi la kampuni, mashine ya kahawa, kompyuta, vyote vinapakwa manjano na kuvishwa maua. Ukishaweka ua juu ya kibodi, hakuna kugusa mpaka kesho. Na kompyuta hatuzimi, tunaziacha zinawaka zipendeze.

Asubuhi Nagashree aliniambia, "Akka, wewe nenda kachore maua mlangoni. Kompyuta yako nitaipamba mimi."

Akka ni dada mkubwa. Huyu tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja, na kazi nilimfundisha mimi. Jioni ile ile kilikuwa kinatangazwa cheo cha mkuu wa kitengo. Mimi au yeye.

Nikamwachia kiti, mjinga mimi.

Haya, turudi kwenye moto.

"Isimamishe," Somashekar akasema.

"Siwezi, bosi. Sijaituma mimi."

"Si umeiunda wewe?"

Hapo Nagashree akaanza kulia. Machozi kabisa, jamani. "Nilimwambia akka asiipe mikono. Akanicheka."

Akanipiga kikumbo, akayafagia maua kwa kiganja, akakaa.

"Leo hakiguswi kitu," mtu akanong'ona nyuma yangu.

"Mungu atanisamehe," Nagashree akajibu. Akaandika neno moja tu: Gauri.

Tamma ikasimama.

Watu wakapiga makofi. Bosi akamwekea mkono kichwani kumbariki. Mimi nikaambiwa nivue kitambulisho. Mlinzi akaja na boksi la vitu vyangu, hata usoni hakunitazama.

Nagashree akaniletea kikombe changu, akainama sikioni.

"Pole, akka. Nenda nyumbani, mama yako akutafutie mume."

Nikatembea mpaka mlangoni. Nikasimama... nikageuka.

"Bosi, swali moja. Neno la kuisimamisha Tamma anachagua nani?"

Sheria hiyo aliing'ang'ania bosi mwenyewe. Anayeituma Tamma kazi anachagua neno lake la siri, na ni neno hilo tu linaloisimamisha. Tamma haimtajii mtu mwingine, hata mimi niliyeiunda.

"Anayeituma," akasema. Halafu akamgeukia Nagashree.

"Mimi nimezaliwa mjini, bosi. Sina ng'ombe."

Kila akitoka kijijini kwao Mandya, Nagashree hutuletea samli. "Ya ng'ombe wetu Gauri hii, kuleni." Ofisi nzima imekula samli ya Gauri.

"Akka ndiye aliyenitajia hilo neno," Nagashree akasema haraka. "Jana. Akka, si ulinitajia? Waambie basi."

Nikaweka boksi chini.

Akaja akanishika miguu. "Akka, nakuomba. Ndoa yangu." Familia ya mchumba wake ilimtaka bibi harusi mwenye kazi kwenye kampuni yetu, na harusi ilikuwa baada ya Deepavali, sikukuu ya taa. Uongo mmoja kutoka kinywani mwangu ungemwokoa. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

"Sijawahi kukutajia neno lolote," nikasema.

Boksi likamwagwa vitu vyangu, likajazwa vyake.

Puja yetu huishia getini. Mkuu wa kitengo hupasua boga jeupe lililojazwa unga mwekundu, kufukuza jicho baya. Bosi akanikabidhi boga. Huo ndio ukawa utangazaji wa cheo.

Nikangoja. Nikangoja mpaka Nagashree afike getini na boksi lake, ndani ya sari mpya ya sikukuu.

Nikalipasua miguuni pake.

Sari yote ikawa nyekundu. Watu wakacheka, na wa kwanza kucheka nilikuwa mimi.

"Husuda imetoka," nikamwambia.

Usiku mama wa mchumba wake akanipigia kuuliza kama ni kweli. Nilimsimulia yote, polepole, asikose hata neno. Harusi haikuwepo.

Mnaokuja kwenye maoni kuniita katili, karibuni. Ila mjifunze: kiti chako usimwachie mtu, hata mnayelala naye chumba kimoja. Na mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu wangu aliingia kwa miguu yake, mimi nilimwongezea maji tu.